Zamu Yangu ya Kushuka Mferejini

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja, mwaka wa pili tangu tuhame Unguja, nilipokaa kitako barazani na dishdasha yangu, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kijiji kizima kinanisubiri nishuke kwenye tope. Sikushuka. Leo ni mzee wa kuzikwa na bado naona haya kuisimulia.

Alitupokea Ami Saif, ndugu wa baba yangu, katika kijiji kidogo cha bondeni nyuma ya Bustan, mwendo wa asubuhi moja kwa punda kutoka Maskati. Maji yalikuja kwa falaji, mfereji uliochimbwa chini ya ardhi tangu mlimani na watu ambao hata majina yao hayakumbukwi tena. Ami ndiye aliyegawa zamu. Alichomeka kijiti uwanjani, akatazama kivuli chake, na kivuli kikifika kwenye alama aliita nyumba inayofuata ije kufungulia mitende yake maji.

Mwaka ule mvua ilishuka mlimani kwa nguvu, falaji ikajaa tope. Desturi yao haikuwa na mjadala: kila nyumba inayokunywa hutoa mtu wa kushuka kuzoa. Hata kadhi alishuka, nguo kaifunga kiunoni. Kwa nyumba yetu, zamu ilikuwa yangu.

"Ami," nikamwambia, "mie nimesoma. Kwetu Unguja, shamba, kazi hii walifanya vibarua."

Tulikimbia mapinduzi na nguo za mwilini tu, mwanangu, hatukuwa na hata punje ya karafuu. Kiburi ndicho tulichokumbuka kukibeba.

Ami hakupandisha sauti. "Umesoma nini?"

"Tarekhe, mambo ya watu wa kale. Masri, Iraki, namna watu walivyostaarabika."

"Na hao wa Masri walianzaje?"

Nikajikung'uta vumbi kwenye dishdasha.

"Basi nnakwambia mie. Walikaa pahala wakapanda, kama babu zetu hapa. Ukipanda wataka maji, na maji hayachimbwi na mtu mmoja. Walipokwisha kuchimba wakagombana, ikabidi awepo wa kugawa na wa kuamua. Walipoacha kugombana ndo wakapata nafasi ya kujenga, ya kuweka soko, ya kutunga nyimbo zao za harusi wasizozijua jirani zao. Yote hayo yametoka kwenye tope hilo unalolionea kinyaa. Inuka, mwanangu."

Sikuinuka. Akashuka yeye, mzee wa miaka sabini, kwa niaba yangu.

Kesho yake vijana watatu hawakutokea. Walisema, ikiwa mtoto wa nyumba ya mgawa maji amekataa, wao washuke kwa lipi? Keshokutwa walibaki wazee peke yao. Joto likaingia, kazi ikaachwa nusu, maji yakatoka membamba. Zamu zikafupishwa. Majirani waliokuwa wakipelekeana halua wakaanza kuviziana mashambani. Mitende ya mwisho wa mfereji ndiyo iliyokauka kwanza, na wenyewe wakafunga virago, wengine Kuweti, wengine Matrah kubeba mizigo bandarini. Kila nyumba ilipohama, mikono ya kuzoa ilipungua na tope likazidi.

Na mimi nikaenda Kuweti, maana ilikuwa rahisi zaidi kuliko kumtazama Ami usoni.

Nilirudi mwaka wa sabini, watu mjini wakimshangilia sultani mpya na mambo yake mapya. Nikanunua koleo, nikapanda punda. Nilimkuta Ami uwanjani na kijiti chake. Kivuli kilifika kwenye alama, akaita nyumba kwa jina, na hapakuwa na mtu wala maji.

"Ami, nimekuja kushuka."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana. "Peke yako? Mikono miwili?"

Nilishuka siku nne. Siku ya nne nikafika pahala dari limeporomoka, mawe makubwa kuliko mimi, nikaketi pale gizani nikalia. Ami alifariki kabla ya mwaka kwisha. Tulimwosha kwa maji ya mitungi tuliyoyaleta kwa punda, kwenye kijiji alichokigawia maji umri wake wote.

Juzi, harusini hapa mtaani Hamriya, Maskati, nilikutana na wazee wawili wa kule. Tukajaribu wimbo wao wa kumtoa biharusi. Tuliimba ubeti mmoja. Wa pili hakuna aliyeukumbuka, na hakuna tena wa kumuuliza.

Nasaha yangu basi ni hii. Pale unapokunywa na wenzio, shuka na wenzio, na usingoje kuona nani kashuka kwanza. Usijitetee kwa kusoma kwako. Kijiji kilichojengwa kwa mamia ya miaka nimekiona kikifa kwa miaka minne, na mimi ndiye wa kwanza kukataa kushuka. Siwezi kukuahidi kwamba ukishuka utakiokoa chako. Sijui, na sitaki kukudanganya. Mungu akujaalie mikono isiyochagua kazi, akupe majirani wa kushuka nawe, na asikuonyeshe aliyonionyesha mimi.