Bega la Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mbele ya meza moja, katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, akinyoosha mashati ya watu asiowajua sura. Shati la mtu mwenye wasiwasi alilitambua: kola imetafunwa ncha.

Kisha bega la kulia likagoma. Lilianza kama mzaha, likaota mizizi, mpaka mkono ukawa hauvuki kidevu. Vidonge vya hospitali vilimtuliza saa chache tu. Mdogo wake wa kike akamshauri ajaribu tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano zisizo na dawa, kwa mama mmoja mwenye chumba juu ya duka la viatu. Mama Pasi alikataa wiki tatu nzima. Mwishowe mdogo wake akamwambia mgonjwa haulizwi uji, akamshika mkono wakaenda.

Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani na feni iliyozunguka kivivu. Mtabibu alimwuliza analalaje, anaota nini, alilia lini mara ya mwisho. Mama Pasi akazitazama sindano mezani, naye akauliza lake.

"Zitauma, dada?"

"Kidogo, kama kuumwa na sisimizi. Ukishindwa, niambie nizitoe."

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Moja begani, mbili mkononi, na nyingine, ajabu, chini ya goti. Uzito mtamu ukamshukia, asijue amelala au yu macho. Mashuka meupe yakampita juu taratibu kama mawingu, na hakuna aliyemtaka ayakunje. Kati ya mashuka hayo akatokea marehemu mumewe, shati la buluu limejaa makunyanzi. Mama Pasi akanyoosha mkono amtengeneze kola.

"Liache, mke wangu," mumewe akasema. "Linanitosha hivi hivi."

Alipofumbua macho, machozi yalikuwa yamemtiririkia masikioni. Mtabibu alichomoa sindano, akamwacha ajilalie kidogo.

Alirudi mara tisa. Maumivu hayakuisha, yalishusha sauti tu, kama redio ya jirani mstaarabu. Ndipo akamwambia tajiri wake kwamba kuanzia sasa atapiga pasi hadi saa sita mchana, basi. Tajiri alinung'unika siku mbili, akakubali. Alasiri Mama Pasi akawa analala, dirisha wazi, upepo ukimpitia miguuni.