Nywele Tumboni

Nilipokuwa mtoto pale Kinoo, kabla mashamba hayajaota fleti, mama alishikwa na kiungulia akiwa mjamzito. Kifua kilimwaka hadi akawa analala ameketi. Shosho, nyanya yangu mzaa baba, alicheka tu.

"Hizo ni nywele. Mtoto anakuchoma nazo. Kunywa maziwa, ulale."

Ndugu yangu akazaliwa na nywele hadi shingoni, kama kondoo ambaye hajanyolewa. Tangu hapo, mwalimu angeweza kunidanganya, shosho la. Shule niliachia darasa la saba, lakini somo la nywele nilipita.

Miaka mingi baadaye binti yangu Wanjiru, aliyepanga chumba Kangemi, akapata mimba. Kikaja kiungulia, kisha kutapika, kisha hata uji ukakataa kukaa. Kliniki walimpa vidonge vya kutafuna, wakamwambia arudi ikizidi. Ikazidi. Tumbo lilikua, yeye akaisha, mikono ikawa kama miiko.

"Mama, wacha nirudi wanipime."

"Wakupime nini? Nywele? Nunua kitana."

"Hii si kawaida, mama."

"Mimi nilikutapika wewe hadi siku ya kujifungua, na sokoni nilienda. Nyinyi wa siku hizi, chai ikiwachoma ulimi mnaitisha daktari."

Majirani walicheka. Wanjiru pia alicheka, na hakurudi. Mimi najua kuchekesha watu.

Alipotapika kitu cheusi kama majani ya chai, ndipo tulipomkimbiza hospitali kubwa mjini. Wakamteremshia kamera kooni. Saratani ya tumbo, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Mtoto alitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati wake. Wanjiru alimvua kofia, akamtazama, kisha akanitazama mimi. Kichwa cha mtoto kilikuwa kipara kama yai.

"Mama," akasema, "nywele ziko wapi?"

Nilichukua kofia, nikamrudishia mtoto kichwani.

Hakumaliza mwaka. Kama angepona lau tungewahi, sikumwuliza daktari, na sitamwuliza. Shosho simlaumu. Alikuwa akimliwaza mke wa mwanawe, na kiungulia kile kilikuwa kiungulia tu. Mimi nilichukua maneno yake nikamnyamazishia mgonjwa.

Sasa mjukuu ana nywele za kuvunja kitana. Jumapili nikimsuka huniuliza, "Shosho, nilizaliwa nazo?"

"Hapana," namwambia. "Mama yako aliziulizia."