Macho Arobaini ya Bi Verna

Kwetu huku Ohio, mwisho wa Oktoba watoto huvaa kama mizuka na kubisha kwenye nyumba zenye taa barazani wakiomba peremende, na kina mama hutengeneza vitamu vya kutisha visivyohitaji kuokwa. Fundi wa vile vya umbo la macho alikuwa Bi Verna Stuckey, mjane ninayepanga chumba chake cha nyuma. Huchanganya siagi ya karanga na sukari laini, huviringa vidonge, huviacha vigande kwenye friji, kisha huvichovya kwenye chokoleti nyeupe. Tone la buluu, tone jeusi katikati, na mishipa ya damu huchorwa kwa kijiti cha meno. Nimeishi miji mingi, nikitengeneza viti na saa na vitu vingine nilivyosahau. Macho kama yale sijayaona kwingine.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Tessa, binti wa Corinne, mmoja wa kina mama wa kanisani, karanga humdhuru, na Verna alijua. Alimtengenezea sahani yake peke yake, ya siagi ya alizeti. Ila alikoroga kwa mwiko uleule wa karanga. Aliufuta tu kwa kitambaa, kama alivyozoea miaka thelathini. Kwenye sherehe ya ukumbi wa kanisa mtoto akaanguka akijishika koo, kavaa kinyago cha maiti, na sisi tukapiga makofi tukidhani anaigiza.

Alilala hospitali siku nne. Alipona. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyebisha mlango wa Verna.

Mwaka huu alinunua bakuli jipya na mwiko mpya, karanga akazitoa nyumbani kabisa, akatengeneza macho arobaini.

"Peleka wewe, Orrin," akaniambia. "Wakila hata moja, nitajua wamenisamehe."

Nikapeleka Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa. Jamaa mmoja aliyejipaka damu akanidaka mlangoni.

"Hee, mzee! Safari hii umetuletea macho ya nani?"

Wenzake wakacheka, kisha wakapisha njia. Corinne alikuwa nyuma yao.

"Ni ya Bi Verna hayo?"

"Ndiyo, mama. Hayana karanga hata chembe. Mwiko mpya, bakuli jipya."

"Sijakuuliza habari za mwiko." Akaipokea sahani kwa mikono miwili. "Mwambie tumeshukuru."

Nikanywa kahawa, nikazungumza na mtu mmoja habari za goti lake. Nilipotoka mlango wa nyuma kumwaga masalio, pipa la taka lilikuwa wazi. Macho yote yalikuwa mle, juu ya maganda ya maboga, yakinitazama. Nikahesabu. Arobaini.

Nikachukua mawili ya juu, nikala nimesimama. Yalikuwa matamu sana. Sahani niliikuta jikoni mwa ukumbi, nikaiosha, nikarudi nayo.

Verna alikuwa amekaa sebuleni na koti lake la kanisani, akitumaini pengine wangemwita ukumbini.

"Waliyala?"

"Waliyala."

"Mangapi?"

"Niliona mawili."

Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Nani hao?"

"Walivaa vinyago, Verna. Nitawajuaje?"

Akaipokea sahani, akaigeuza, akapitisha kidole pembeni, kisha akanitazama mdomoni kwa muda mrefu.

"Una buluu kwenye ndevu, Orrin," akasema.

Akavua koti, akalitundika, akaenda kuufunga mlango wa mbele kwa ufunguo. Watoto walipoanza kupita mtaani jioni ile, alizima taa ya barazani mwenyewe.