Wodi Iliyobaki Nje ya Jedwali

Ofisini walimwita Mama Mafaili, na jina lilimkaa. Faili lolote lililomshinda mtu, likaigandisha kompyuta mpaka mwenyewe akaanza kuitukana, lilipelekwa mezani kwake, chumba cha mwisho karibu na ngazi, penye feni inayokoroma kama ina mafua. Naye hakuwa mtu wa kujivunga. Kazi aliijua, na akijua kitu alikisema.

Asubuhi hiyo afisa mipango, jamaa mpole na mtani wake wa miaka mingi, aliingia na taarifa ya kupeleka kwenye kikao baada ya chai. Ilisema wodi ya uzazi ya zahanati ya mlimani ifungwe, maana mwaka mzima hakuna aliyejifungulia pale. Wakunga wahamishiwe mjini.

Mama Mafaili alishtuka. Mkunga wa mlimani alikuwa shangazi yake, mwanamke asiyejua likizo ni mdudu gani. Tena kutoka mlimani hadi hospitali ya mjini ni safari ya kumtoa mtu roho, hata kama hana mimba.

"Hakuna aliyejifungua? Sasa shangazi yangu huwa anafanya nini kule, anafuga kuku?"

Afisa alimwambia kwa upole kwamba anamwelewa, lakini kikao hakitamsikiliza mtu anayemtetea shangazi yake. Hapo alisema kweli, na Mama Mafaili alilijua hilo. Akameza hasira, akamwomba amwonyeshe alivyolifungua faili la wagonjwa wa zahanati zote, alikoitoa hesabu hiyo.

Afisa akalifungua kwenye programu ya jedwali anayoitumia kila siku. Kikatokea kisanduku cha onyo, na kabla hakijakaa vizuri kidole chake kikabonyeza Sawa. Hako kamezoea kujitokeza, alieleza.

"Ndiyo, na kila siku kanakwambia faili halijaingia lote."

Jedwali lile mwisho wake ni mistari milioni moja na ushee; inayozidi haiingii. Ndani ya faili zahanati zilipangwa kwa mwaka wa kufunguliwa, na ya mlimani ndiyo kitinda mimba. Kina mama wote waliojifungulia kule walikuwa wameachwa nje.

Mama Mafaili akaandika programu fupi ya kulisoma faili tonge kwa tonge: inameza kipande, inahesabu, inakiacha, inachukua kingine. Ili asiambiwe anapendelea, alianza na zahanati kongwe kuliko zote, ambayo jedwali liliiona yote. Hesabu za pande mbili zikalingana. Kisha akasogeza kiti, akamwachia afisa kibodi aulize mwenyewe habari za mlimani.

Afisa aliangalia jibu, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Wodi ya mlimani ilikuwa ya pili kwa wingi wa wazazi wilaya nzima. Akaguna, kisha akaichana taarifa yake.

"Dada, umeniokoa. Nilikuwa nakwenda kuwafungia watu wodi kwa sahihi yangu mwenyewe."

Kikao hakikuchukua muda. Afisa aliporudi na kuchungulia mlangoni, dole gumba juu, Mama Mafaili alikuwa ameshashika simu, furaha imemjaa hadi kooni.

"Shangazi, nina habari njema. Wodi yenu…"

"Mwanangu, nina wazazi wawili hapa, na mmoja amekaribia. Nipigie baadaye."