Dereva Aliyemkwepa Ng'ombe wa Bibi

Picha yake ilinifikia nikiwa kazini Dodoma, kwenye lile kundi la simu la watu wa nyumbani ambalo kwa kawaida hutangaza misiba na harusi. Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, blanketi magotini, nywele zimenyolewa upande mmoja, kovu refu limepita juu ya sikio. Chini yake mtu ameandika: "Dereva wetu. Tuendelee kumwombea." Kama wewe ni wa kwetu na wa umri wangu, huna haja ya kuambiwa Dereva ni nani. Kama si wa kwetu, kaa kidogo nikusimulie, maana nina sababu yangu ya kumkumbuka ambayo wengine hawana.

Mimi nililelewa na bibi yangu kijijini Tlawi, upande wa Mbulu, kwenye nyumba ndogo ya bati juu ya barabara ya udongo mwekundu. Baridi ya kule asubuhi ilifanya vidole vigome kufunga vifungo vya sweta ya shule. Kabla ya kwenda shule nilibeba samadi kwa karai hadi shambani, kisha nikarudi kushika ndama wakati bibi anakamua. Ng'ombe wa maziwa tulikuwa naye mmoja tu, mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, na bibi aliongea naye kuliko alivyoongea na mimi. Maziwa yake tulilia ugali, na yaliyobaki tulimpelekea jirani mwenye redio. Ndiyo sababu kwenye benchi la jirani sisi hatukukosa nafasi.

Kwenye redio hiyo ndipo tulipomjua Dereva. Alikuwa mzaliwa wa Endagikot, mtu wa kwetu kabisa, aliyeanza na lori la viazi kabla ya kuingia kwenye mashindano ya magari. Mtangazaji alikosea kila mara kutamka jina la ukoo wake, na sisi tulimsahihisha kwa kelele kana kwamba anatusikia. Shuleni tulichora gari lake ardhini kwa vijiti, wasichana kwa wavulana. Hata mwalimu wetu wa hesabu, mtu mkali asiyecheka, alitutungia hesabu za mwendo na muda kwa kutumia gari la Dereva, na siku hizo hata wavivu walipata.

Mara moja kwa mwaka mashindano yalipita kwetu. Magari yalianzia uwanda wa Hanang, upande wa Katesh, ambako wafugaji waliacha ng'ombe mbali na kuja kusimama kando ya njia na mashuka yao. Kisha yalipanda kona za ukingo wa bonde hadi kwetu juu kwenye ukungu. Siku hiyo hakuna aliyelima. Wanawake walichemsha mahindi na viazi tangu alfajiri, na kila kilima kilijaa watu wanaotafuna huku wakitazama bondeni.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la nne. Askari walikuwa wamepita na kipaza sauti wakisema mifugo yote ifungiwe ndani. Zizi letu lilikuwa limebomoka upande mmoja kwa mvua, kwa hiyo bibi akanipa kamba ya ng'ombe mkononi.

"Usiiachie," aliniambia. "Hata ukiona nini, usiiachie."

Akaenda kusimama na wenzake. Nikaishika kamba, nikaizungusha mkononi mara moja. Halafu tukasikia mlio kutoka bondeni, mwanzoni kama nyuki, baadaye kama bati linalopasuliwa. Watu wakaanza kupiga kelele: "Ndiye! Ndiye anaongoza!" Nami nikanyoosha mikono juu kushangilia. Mikono yote miwili. Ni hivyo tu.

Ng'ombe alishtuka, akateremka barabarani. Wakati uleule Dereva akatokea kwenye kona. Gari lilipinda, likaruka tuta, likaingia kwenye maharage yetu na kulala ubavu, gurudumu la mbele limekatika. Vumbi lilifunika kila kitu. Lilipotulia, ng'ombe alikuwa bado amesimama katikati ya barabara, mzima.

Dereva alitoka kwa kupitia dirishani, akamvuta mwenzake aliyekuwa akimsomea ramani. Alivua helmeti, akaja moja kwa moja kwa bibi, ambaye alikuwa amejikunja akingoja matusi.

"Shikamoo mama," alisema. "Ng'ombe hajaumia?"

Bibi alikaa chini palepale barabarani, akalia kwa sauti.

Magari mengine yalipita moja baada ya jingine. Dereva alikaa kwenye kizingiti cha mlango wetu, bibi akampa maziwa kwenye kibuyu. Mikono ya Dereva ilitetemeka hadi maziwa yakamwagikia kifuani. Hilo wasimuliaji hawalisemi. Wao husema alikunywa akicheka. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango, nikamwona.

Bibi aliwaambia watu kamba ilikatika. Sijui kama aliamini hivyo au alinificha. Hakuniuliza, nami sikumwambia, na sasa ni miaka mingi tangu tumzike.

Yale yakawa mashindano ya mwisho ya Dereva. Wenye gari walimpa mtu mwingine, na baada ya miaka michache mashindano yenyewe yakaacha kupita kwetu. Yeye akarudi Endagikot kulima vitunguu saumu. Na hapo ndipo watu walipompenda zaidi kuliko wakati wa redio. Mshindi wa mwaka ule hatukulishika hata jina lake, lakini aliyeacha ushindi kwa ajili ya ng'ombe wa mjane alisimuliwa kutoka Mbulu hadi Katesh. Alipoingia mnadani wanaume walisimama kumpisha. Vijana wa bodaboda, waliozaliwa mashindano yakiwa yamekwisha, walipunguza mwendo wakifika mbele ya shamba lake, kwa aibu.

Mimi nilimkwepa. Siku za soko aliniona nyuma ya bibi, akaniita kwa utani, "Mwenye ng'ombe, hujambo?" Nilimwamkia huku nikitazama miguu yake. Kila mwaka nilijiambia kwamba mwaka huu nitamwambia. Nikamaliza shule, nikaenda chuo, nikapata kazi, nikaolewa, sijamwambia.

Ajali ilimkuta akiwa abiria. Alikuwa anatoka sokoni kwa bodaboda wakati wa masika, pikipiki ikateleza kwenye tope, akagonga kichwa kwenye jiwe la ukingo wa daraja. Alilala hospitali wiki nyingi. Aliporudishwa nyumbani alikuwa anatembea kwa kushikwa, anakula mwenyewe, anaongea vizuri. Kilichopotea ni kile ambacho picha haikuweza kuonyesha.

Nilikifahamu nilipofika. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada na uwanja wake ulikuwa umejaa watu. Walileta maziwa, asali na kuku. Mzee mmoja mfugaji wa Kibarabaig alikuwa amepanda basi kutoka chini ya mlima Hanang na galoni la samli, akakaa kando ya ukuta, fimbo mapajani. Kila mmoja alisogea kwenye kile kiti, akampa mkono, akamsimulia Dereva habari za Dereva.

"Ulizipanda zile kona bila kugusa breki, mzee! Nilikuwepo!"

"Mimi nilikimbia nyuma yako hadi viatu vikaisha!"

Yeye alimtazama kila mtu kwa upole, akasema, "Karibuni, karibuni sana," kama mgeni anayeshukuru kupokelewa.

Mke wake alinivuta pembeni, kikombe cha chai mkononi. Macho yake yalikuwa yamechoka.

"Wanamsimulia tangu asubuhi," alisema. "Anawasikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Mimi ananiita dada, mwanangu. Miaka yote hii, leo mimi ni dada."

Watu walipopungua nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mbali?"

"Dodoma, baba. Nimekuja kukuambia kitu. Ile kamba haikukatika. Niliiachia mimi."

Alifikiri kwa bidii, paji lake la uso likakunjamana karibu na kovu. "Kamba gani, mwanangu?"

Basi nikamsimulia yote, kuanzia zizi lililobomoka hadi maziwa kumwagika kifuani. Nilikuwa nalia, sikujali nani ananiona. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na huyo dereva alikasirika?"

"Hapana, baba. Alimwamkia bibi yangu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. "Huyo alilelewa vizuri. Siku hizi yuko wapi?"

Mke wake aligeuza uso. Nikamjibu mimi.

"Yuko kwao, baba. Analima."

"Mpe salamu zangu. Mwambie asiache kuendesha kwa sababu ya ng'ombe."

Nilirudi Dodoma kesho yake. Huwa nafikiria kwamba sote tuliokuwa kwenye vilima vile tulimwona kwa nje tu: vumbi, mlio, gari likipita. Alichokiona yeye kupitia kioo cha gari lake, na alichojiambia kabla ya kupinda usukani, hatukumuuliza hata mara moja. Tulishughulika kumshangilia. Msoma ramani wake alishafariki. Yeye mwenyewe yupo, amekaa kwenye kiti juani, anakaribisha watu. Nilichelewa, wala si kwa siku moja. Nilichelewa kwa kila siku ya soko aliyoniita nami nikainamisha macho.