Mpunga Haukimbii

Pale mbugani Igalula, mwenye maksai ndiye mwenye mvua, na maksai walikuwa wa Lugembe. Marehemu mdogo wake alimwachia mjane wake, Bernadeta, majaruba ya mpunga yaliyopakana na ya Lugembe. Mvua za kwanza zikishika, Bernadeta alikwenda kumwomba amlimie.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Subiri kidogo. Mpunga haukimbii."

Basi anasubiri. Maksai wanalima kwa jirani, wanalima kwa rafiki, wanalima hata kwa mtu aliyegombana na Lugembe msibani. Kwake wanafika Februari, wamechoka, hawataki hata kuvuta jembe.

Misimu miwili alivuna mapepe, maganda matupu yasiyo na punje. Bwana shamba alimweleza bila kuzunguka: "Mama, mpunga nao una wakati wake wa kula. Ukiuchelewesha, unabeba mimba mvua zikikatika. Mbolea uliyomwaga inabaki kwenye udongo, mizizi haina maji ya kuinywea."

Ukoo nao ukakaa ukaamua: shamba likimshinda Bernadeta mara ya tatu, lichukuliwe na shemeji yake. Hapo ndipo alipoelewa kwamba maksai hawakuwa na uvivu wowote. Alikuwa akinyang'anywa jaruba moja baada ya jingine, kwa salamu na tabasamu. Hakulia. Alikasirika, na hasira ile ilimpa usingizi mzuri ambao hakuupata tangu azike mume.

Lugembe alisahau jambo moja. Maksai hulima, lakini hawapandi. Wanaopanda ni akina mama, wameinama kwenye tope, kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Na mpanga zamu alikuwa Bernadeta. Miaka yote alimweka Lugembe wa kwanza, kwa heshima ya kishemeji.

Oktoba, vumbi likiwa bado linapaa, wenzake walikuja na majembe ya mkono wakamlimia. Lugembe alipita njiani akacheka mpaka akakohoa. Acheke tu! Mvua iliponyesha, kitalu cha Bernadeta kilikuwa tayari, na Krismasi ilimkuta amekwisha kupanda jaruba la mwisho.

Ndipo Lugembe akabisha hodi.

"Shemeji, miche yangu imefika. Zamu yangu lini?"

Bernadeta alikuwa akipepeta mchele. Hakuuweka ungo chini. "Subiri kidogo, shemeji. Mpunga haukimbii."

Lugembe alitafuta vibarua hadi Isikizya, lakini kila mwenye mikono alikuwa kwenye tope lake mwenyewe. Miche ikazeekea kitaluni, ikaota vifundo. Akina mama walipomfikia ilikuwa Februari, na walimpandia vizuri kabisa, kwa mistari iliyonyooka, maana Bernadeta hakutaka mtu aseme kazi ilikuwa mbaya. Lugembe akamwaga mbolea ya yurea mfuko juu ya mfuko. Majani yakajitutumua kidogo, maji yakakauka, mbolea ikabaki ardhini haijaliwa. Bernadeta alipita pale kila asubuhi kuangalia, hata siku ambazo njia yake haikuwa ile. Mkuki kwa nguruwe, jamani!

Mei wazee wa ukoo walikuja kukagua shamba lililomshinda mjane. Wakakuta masuke yameinama kwa uzito. Wakavuka tuta. Kwa Lugembe masuke yalisimama wima, na mzee mmoja alipofikicha suke mkononi akapuliza, hapakubaki kitu.

"Ardhi imechoka," Lugembe alisema.

"Shikamooni, wazee," Bernadeta alisema. "Nilitaka kuuliza tu. Sheria ile ya shamba kumshinda mtu, ni ya wajane peke yao?"

Mzee yule akakung'uta maganda mikononi. Walirudi makwao, na habari ya kumnyang'anya shamba haikutajwa tena.

Msimu uliofuata, mvua ya kwanza tu, Lugembe alifika na maksai kabla hajafika kwingine kokote. Alisimama uani, kofia mkononi, akatoa salamu yeye.

Bernadeta alikuwa na kikombe cha uji. Ulikuwa umeshapoa, lakini aliendelea kuupuliza.