Karatasi Aliyoisahau Saidi

Vijana wa siku hizi wanaijua Kariakoo ya maduka tu. Wapi! Wapagazi wa vita vya kwanza vya Wazungu walipiga kambi hapa, na jina likatokana na Kiingereza walichoitwa kikosi chao. Baba yake bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alibebeshwa mizigo, akaenda nayo, hakurudi, na jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka wa vita vya Kagera tulikuwa tumepanga Mtaa wa Mchikichi. Asubuhi hiyo nilirudi kutoka foleni ya sukari mikono mitupu, nikinung'unika. Kaka yangu Saidi, msukuma mkokoteni wa sokoni, alikuwa anamalizia chai isiyo na sukari. Alikuwa amejiandikisha mgambo, na lori lilikuwa linawasubiri Mnazi Mmoja.

Bibi alikuwa amemwendea balozi wa nyumba kumi, akaandikiwa karatasi: jina kamili la Saidi, mtaa, na jina la mwenye nyumba.

"Ukifika uwape wakubwa wako," alimwambia. "Usiende kama mzigo usio na mwenyewe."

Saidi alicheka, akaaga, akatoka.

Alipokuwa anakaribia kona ndipo nikaiona karatasi, chini ya kikombe.

Nilifungua mdomo. Bibi akaniziba kwa kiganja.

"Msafiri haitwi akishatoka, wala hafuatwi nyuma! Unataka kumtia nuksi?"

Nikaiacha karatasi pale pale.

Vita vikaisha. Malori yakarudi, watu wakacheza barabarani. Kila siku bibi alianika godoro la Saidi uani. Nilikwenda kuuliza ofisini. Karani akaniambia akina Saidi wa Kariakoo ni wengi, nisubiri.

Ndipo akaja Mrisho, msukuma mkokoteni mwenzake, aliyekwenda naye vitani. Alikuwa ametoka hospitali siku chache tu kabla. Alitoka kwao Magomeni akivuka bonde la Jangwani kwa miguu, akichechemea.

"Bibi, Saidi tulimzika kule kabla ya masika. Nilidhani mmeshapata habari."

Masika yalikuwa yamepita zamani. Hatukuwa tumemsomea hata hitima. Niliumia vibaya mno.

Siku ya tatu ya matanga bibi aliniita chumbani.

"Ulitaka kumwita. Mimi ndiye niliyekuziba mdomo."

Karatasi isingezuia risasi. Nilijua hivyo, na neno hilo tu ndilo alilokuwa analitaka kwangu. Lakini nilikuwa na hasira naye. Nikatoka kwenda kuchambua mchele wa wageni. Alifariki miezi miwili baadaye, na sikuwa nimemwambia.